Kuhamisha kituo cha 911 kwenda NG911: anza na ramani, video ije mwisho

Simu ya kwanza ya 911, nambari ya dharura ya Marekani, ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, na mfumo uliojengwa baada yake ulisimama juu ya wazo moja jepesi: simu imefungwa ukutani, nambari yake ina anwani moja, basi anayeijua nambari ameijua nyumba. Wazo hilo bado linabeba simu za vituo vingi vya Marekani, ingawa wapigaji walio wengi walishaondoka ukutani. Wako garini, dukani au kando ya barabara wasiyoijua jina, na simu waliyoishika ina kamera, ramani na kibodi ambavyo kituo cha zamani hakiwezi kuvitumia hata kimoja.

NG911, yaani 911 ya kizazi kipya, ni mfumo unaopitisha sauti, maandishi, video na data katika mtandao mmoja wa itifaki ya intaneti. Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa kituo, fundi wa mawasiliano au mjumbe wa bodi ya kaunti aliyekabidhiwa kazi ya kuhama. Nimezipanga hatua kwa mfuatano ninaouamini, ambao ni kinyume cha ule wanaoupenda wauzaji, kwa kuwa wao huanza na video inayowavutia wajumbe ukumbini. Kituo kinachoanza na video huishia kuliona tukio vizuri kabisa bila kujua liko mtaa gani.

Hatua ya kwanza: ifuate simu moja kutoka kwa mpigaji hadi mezani kwenu

Kabla ya kusaini chochote, kaa na fundi mchore njia ya simu moja. Katika mfumo wa zamani, simu hutoka kwa kampuni ya simu hadi kwenye swichi ya uelekezaji, ambayo husoma nambari ya mpigaji, hutazama kwenye jedwali ni ya kituo kipi, kisha huituma kwa laini za aina ya CAMA, laini ambazo asili yake ni utozaji wa simu za masafa marefu. Laini hizo hubeba sauti na nambari, basi. Anwani hufuatwa baadaye katika hifadhidata nyingine iitwayo ALI, na kwa simu ya mkononi jibu la kwanza mara nyingi huwa ni mnara uliopokea mawimbi, hivyo mpokea simu hulazimika kuuliza tena na tena hadi vipimo vya mahali vifike.

Kwa kila kipande cha njia hiyo andika mwenye nacho, tarehe ya mwisho ya mkataba, malipo ya mwezi na mtu wa kupigiwa saa nane za usiku. Si ajabu mkagundua laini zinazolipiwa ambazo upande wa pili hazijaunganishwa na kitu chochote. Katika bajeti, kumbukeni kwamba kwa miezi kadhaa mtalipia mifumo miwili kwa wakati mmoja, na tozo ya 911 iliyomo katika bili za simu za wananchi haitaongezeka kwa sababu hiyo.

Hatua ya pili: safisha ramani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nisingekubali kuharakishwa. Katika NG911 simu huja na mahali pake ndani yake, na mtandao huiuliza ramani swali moja: mahali hapa panahudumiwa na nani? Huduma inayojibu swali hilo, ambayo kanuni za i3 za NENA, chama cha Marekani cha nambari za dharura, huiita ECRF, haina busara ya mtu wa zamu anayejua kwamba mtaa fulani una majina mawili. Mpaka uliochorwa vibaya kwenye ramani ya ukutani ni kosa la mchoraji. Ukichorwa vibaya katika ECRF, simu ya mtu mwenye nyumba inayowaka inakwenda kaunti nyingine.

Chukueni orodha yenu ya zamani ya mitaa, ile iitwayo MSAG, pamoja na rekodi za ALI, mzilinganishe na mistari ya barabara na nukta za majengo kwenye ramani ya kidijitali. NENA inapendekeza ulinganifu wa asilimia 98 kabla ya kuelekeza simu kwa ramani. Makosa mtakayoyakuta yana familia zake: jina moja lililoandikwa kwa kifupi huku na kwa ukamilifu kule, nambari shufwa zilizowekwa upande wa nambari witiri, barabara iliyorekodiwa kuishia 198 wakati kuna nyumba ya 204 yenye watu ndani. Yarekebisheni kwa familia, si moja moja, maana kosa la familia moja likipatikana mara kumi kwa kawaida lina ndugu mia.

Baada ya ndani, tokeni nje. Mipaka ya vituo jirani haitakiwi kuacha pengo wala kulaliana. Nakumbuka barabara ya vumbi iliyokuwa mpakani mwa kaunti mbili: upande wetu iliitwa kwa nambari, upande wa pili iliitwa kwa jina la mkulima aliyekwisha kufa, na nyumba tatu za mwisho hazikuwa za kaunti yoyote, kwa kuwa mistari miwili ya mpaka iliachana kwa upana wa shamba la mahindi. Mfumo wa zamani uliwahudumia watu wale bila shida kwa sababu ulitazama nambari ya simu. Mfumo mpya ungeiuliza ramani, na ramani ingejibu kwamba hawapo. Tuliketi na wenzetu wa upande wa pili juu ya karatasi moja, tukakubaliana mstari upite wapi, tukatia saini; ilichukua asubuhi moja, baada ya miezi mitatu ya kuandikiana barua pepe.

Majengo marefu yana suala lake. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, inazitaka kampuni za simu za mkononi kukadiria kimo cha mpigaji kwa usahihi wa mita 3 juu au chini kwa asilimia 80 ya simu, lakini kimo hicho hufika kama mita, wala mita hazimwambii zimamoto abonyeze kitufe gani cha lifti. Mtu lazima aweke kwenye ramani kimo cha kila ghorofa, na kama hamna nguvu za kuyafanya majengo yote, anzeni na nyumba za wazee na hospitali. Ziandikieni pia hoteli, shule na ofisi zenye simu za ndani. Desemba 2013, katika hoteli moja ya Marshall, Texas, mtoto alipiga 911 mara nne wakati mama yake akishambuliwa, na simu haikutoka kwa sababu ilitakiwa kwanza abonyeze 9. Sheria iliyopewa jina la mama huyo, Sheria ya Kari, ilitiwa saini mwaka 2018 na inataka mifumo mipya ya simu za ndani ipige 911 moja kwa moja. Sheria nyingine, RAY BAUM'S Act, inataka simu hizo zije na jengo, ghorofa na chumba. Taarifa hizo hazina faida kama ramani yenu haina mahali pa kuzipokea.

Hatua ya tatu: njia mbili ziwe mbili kweli

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2014, kituo cha kuelekeza simu kilichoko Englewood, Colorado, kiliacha kupitisha simu za 911 kwa takriban saa 6. Hakuna waya uliokatika. Kihesabu kimoja ndani ya programu, kilichokuwa kikiipa kila simu nambari yake, kilifika kikomo alichokiweka mwandishi wa programu, na simu zaidi ya 6,600 kutoka majimbo 7 hazikufika popote. Kituo mbadala kilikuwepo, kizima, lakini hakikushika kazi kwa sababu tahadhari ilihesabiwa kuwa ndogo. Kwa hiyo msimuulize mzabuni kama ana mtambo wa akiba. Kila mmoja anao. Mwambieni auzime mtambo mkuu mbele yenu mchana kweupe, nanyi mhesabu sekunde hadi simu inayofuata iingie.

Njia za nyaya nazo mzitembelee kwa miguu. Katika kaunti moja tuliuziwa njia mbili na kampuni mbili tofauti, kwa mikataba miwili na bei mbili, na tulipozifuata tukakuta zote zimefungwa chini ya daraja lile lile, umbali wa mkono mmoja. Mlangoni mwa mtandao wenu panatakiwa kizuizi kinachochuja simu za uharibifu, kwa kuwa mwezi Oktoba 2016 kiungo kimoja tu kilichosambazwa mtandaoni kilizifanya simu za watu zipige 911 mfululizo bila wenyewe kutaka.

Hatua ya nne: hamisha sauti

Kwa kanuni za FCC za Julai 2024, mamlaka ya 911 iliyo tayari huiandikia kampuni ya simu ombi, nayo kampuni ina muda wa miezi 6, au 12 kwa kampuni za vijijini na ndogo, kuanza kuleta simu kwa itifaki ya intaneti. Ombi hilo lina awamu mbili, na awamu ya pili, ambayo simu huja na mahali pake kwa kanuni kamili, isiombwe kabla ramani haijafikia kiwango. Wapo watakaobaki kwenye shaba, yaani laini za zamani za nyaya, kwa muda, na simu zao zitapita kwenye lango la kugeuzia. Hilo ni jambo la kawaida. Hamisheni kampuni moja baada ya nyingine, siku za katikati ya juma, mkipiga simu za majaribio kutoka kila pembe ya kaunti, na jaribuni pia kumhamishia jirani simu, hasa jirani ambaye hajahama.

Hatua ya tano: fungua mlango wa maandishi

Kituo kikishakuwa tayari na kikaomba, kampuni za simu za mkononi zina miezi 6 ya kuanza kuleta ujumbe wa maandishi. Mpaka hapo, anayeandika kwenda 911 hurudishiwa ujumbe wa kumwambia apige simu, utaratibu uliopo tangu Septemba 2013. Maandishi yanaweza kuingia kituoni kwa njia tatu: kwa ukurasa wa tovuti kwenye kompyuta ya pembeni, kwa kugeuzwa yafanane na mashine ya zamani ya kuchapia ya viziwi, au moja kwa moja ndani ya programu ileile inayopokea sauti. Njia ya kwanza ni ya kujishikiza na hutegemea mtu kukumbuka kutazama skrini ya pembeni. Ya pili huwalazimisha watu kuandika kwa zamu. Ombeni ya tatu, na mwulizeni mzabuni kama inapokea pia maandishi ya papo kwa papo, yale ambayo kila herufi huonekana mara inapoandikwa.

Wafundisheni wananchi mipaka ya huduma kabla hawajaihitaji. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, haujui foleni, na wa pili unaweza kufika kabla ya wa kwanza. Mahali unapoonyesha mara nyingi ni pa jumla kuliko pa simu ya sauti. Kwa kawaida picha na ujumbe wa kikundi havifiki. Simu isiyo na huduma iliyolipiwa inaweza kupiga 911 kwa sauti lakini haiwezi kuandika, na aliye nje ya mtandao wake anaweza kukwama. Ndiyo maana tangazo ni lile lile kila mahali: piga ukiweza, andika usipoweza. Asiyeweza ni kiziwi, ni aliyeshikwa na kiharusi akapoteza usemi, ni aliyejifungia bafuni huku mtu akigonga mlango.

Huyo wa bafuni ndiye awe kipimo cha sentensi mtakazoziandaa. Sentensi ya kwanza katika vituo vingi ni swali la mahali, na ni sawa. Tatizo ni ya pili. Nimeona orodha za maswali zilizohamishwa kutoka kwenye sauti bila kuguswa, zikimtaka mtu aandike jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, na kila swali linalofika linalia mlio wa ujumbe. Ninapendekeza mfuatano huu: "911. Uko wapi?" kisha "Zima mlio wa simu yako," kisha "Kuandika ni salama kwako? Jibu N au H." Baada ya hapo maswali yawe ya kujibiwa kwa neno moja, na asiachwe zaidi ya dakika moja bila kuambiwa msaada umefika wapi, kwa kuwa kwenye maandishi ukimya wa kituo na kukatika kwa mawasiliano vinafanana. Mazungumzo ya maandishi huchukua muda mrefu kuliko ya sauti, kwa hiyo ratiba za zamu zibadilike.

Lugha ni jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani wanalielewa zaidi kuliko waandishi wa mikataba. Mpigaji wa sauti akitamka tu neno "Swahili," mpokea simu humwingiza mkalimani kwenye laini, na familia zilizotoka Kongo zikaishi Louisville, Des Moines au Portland ya Maine zinastahili kufundishwa kulitanguliza neno hilo. Kwenye maandishi, kituo huwa na kishawishi cha kuiachia mashine ya tafsiri. Mashine iliyozoea Kiswahili cha vitabuni huijua sentensi "watu wananipiga," lakini mtu wa Bukavu aliye katika hofu huandika "batu bananipiga," na hapo mashine huweza kurudisha upuuzi au kunyamaza. Mkataba utaje mkalimani binadamu anayeweza kuona skrini, na majaribio yafanywe na watu wa jamii husika wakiandika kama wanavyoandikiana nyumbani.

Hatua ya sita: kubali data kwa kuchagua

Data yenye thamani kuliko zote ni mahali panapokokotolewa na simu yenyewe, jambo ambalo Android ilianza kuliwezesha mwaka 2016 na Apple ikatangaza mwaka 2018 kwa simu za Marekani. Nukta hiyo itaonekana pembeni ya ile iliyoletwa na kampuni ya simu, na zitatofautiana. Andikeni kanuni ya nini kifanyike zikitofautiana. Yetu ilikuwa kwamba maneno ya mpigaji yanazishinda zote mbili, na asipoweza kusema, kikosi kinaelekezwa kwenye nukta yenye duara dogo la mashaka, yaani iliyo sahihi zaidi.

Vifaa vingine vichekechwe. Gari hutoa taarifa ya ajali, saa ya mkononi hutambua mzee ameanguka, kamsa ya jengo huweza kuingia moja kwa moja kwenye programu ya kutuma vikosi. Majira ya baridi ya 2022 na 2023, vituo vya milimani Colorado, kikiwemo cha Kaunti ya Summit, vilifurikwa na simu zilizopigwa zenyewe na vifaa vya watelezaji wa theluji walioanguka kama watelezaji waangukavyo, wakainuka na kuendelea bila habari. Kipimo changu ni swali moja: data hii ikiwa mbele ya mpokea simu, atabadilisha nini katika kikosi anachokituma? Msimbo wa geti unabadilisha. Mitungi ya oksijeni iliyomo nyumbani inabadilisha. Mapigo ya moyo ya mtu ambaye tayari anazungumza, mara chache.

Hatua ya saba: video

Mara nyingi video huja kituo kinapomwomba mpigaji: hutumiwa kiungo kwa ujumbe mfupi, anakifungua, anakubali kamera itumike, na sauti inaendelea kama kawaida. Anayeamua kuomba ni mpokea simu, kwa sababu anayoweza kuieleza, kama vile kuona kama mgonjwa anapumua au moshi unatokea ghorofa gani, na mpigaji akikataa asishurutishwe. Mpigaji asiambiwe kamwe akaribie moto au mtu mwenye silaha ili picha ionekane vizuri. Kanuni hiyo iandikwe, kwa kuwa anayetazama skrini hutaka kuona zaidi. Kwa viziwi wanaotumia lugha ya alama, video ni usemi wenyewe, na simu zao tayari hupitia huduma za ukalimani wa alama. Hakikisheni mkalimani anaunganishwa bila kupoteza mahali alipo mpigaji.

Amueni mapema rekodi inakaa muda gani, nani anaruhusiwa kuitazama, na mtajibu nini mwandishi wa habari au wakili akiiomba kwa sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo lenu. Kisha kuna mtu mwenyewe. Mpokea simu amefanya kazi miaka kumi na tano akisikia, na akili yake imejifunza kusikia. Sasa anamwona mtoto sakafuni huku akihesabu mikandamizo ya kifua pamoja na baba. Picha ianze ikiwa imefunikwa kwa ukungu hadi aifungue mwenyewe, awe na haki ya kuifunga na kubaki na sauti, na baada ya tukio zito apumzishwe zamu ile ile kwa utaratibu uliokwisha kuandikwa, bila kumsubiri aombe. Tulipoanza, mpokea simu mmoja mwenye uzoefu kuliko wote aliifunga picha mara tatu katika juma la kwanza na simu zote tatu alizimaliza vizuri kwa sauti. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Hatua ya nane: zima shaba

Msizime laini za zamani mara tu simu za majaribio zinapopita. Ziacheni hadi mwisho wa mwezi mmoja wenye dhoruba au sikukuu, mkizitazama kama kuna chochote bado kinaingia. Kinachoingia mara nyingi ni simu ya lifti, ya bwawa la kuogelea, au ya jengo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliweka kwenye orodha. Mmiliki wake akishapatikana, andikeni barua ya kusitisha laini kwa nambari ya kila laini, mtunze nakala, na bili ya mwezi unaofuata isomwe na mtu yule yule aliyeandika karatasi ya hatua ya kwanza.